Papa Séraphin, Mfalme na Mtoto Aliyeingia Katikati

Tarehe 30 Novemba 2016, Ndugu Séraphin Mukendi, fundi wa milango ya tramu katika karakana yetu ya Schaerbeek, Brussels, anavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Aliajiriwa mwaka 1988, mwaka ule ule alipozaliwa binti yake, na anastaafu akiwa na miaka sitini na mitano huku nywele zake zingali nyeusi, jambo ambalo wenzake wa rika lake hawajamsamehe mpaka leo.

Kazi ya kuandika wasifu huu wa kusomwa katika sherehe ya kumuaga nimepewa mimi, Imani, dereva niliyesomea Kigoma, kwa sababu wenzangu wa Lubumbashi na Bujumbura wanadai kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Nilipomuuliza Papa Séraphin angependa niandike nini, alifikiri kidogo, akasema: "Bon, andika yote. Hata ile ya wivu. Kama hauandike ile, batasema uliandika muntu mwingine." Binti yake, Océane, ambaye habari hii inamgusa kuliko mtu yeyote, alisoma karatasi hizi kabla hazijachapwa. Alifuta sentensi moja tu, iliyomsifu kupita kiasi.

Papa Séraphin alikuja Ubelgiji mwaka 1984 kusomea umeme, akitokea Lubumbashi. Mke wake, Maman Alphonsine, alimfuata mwaka uliofuata na watoto wadogo, akapata kazi ya uuguzi katika hospitali kubwa ya Jette. Kwenye karakana Papa Séraphin alipangiwa milango, na hakuihama tena. Mlango wa tramu haupendwi na mtu. Abiria huupiga teke, dereva huulaani, baridi ya Januari huugandisha. Yeye aliufungua, akaupaka grisi, akaubembeleza kwa Kiluba, na ukafanya kazi. Lucienne, mkuu wetu wa karakana, husema kwamba mlango uliopita mikononi mwa Séraphin haurudi.

Huyo Lucienne ana habari yake pia. Alipoanza kazi kwetu alibandika tangazo kwenye kantini kwamba samaki wakavu wasipashwe moto mle ndani. Tangazo lilielekezwa kwa mtu mmoja, na sote tulimjua. Papa Séraphin hakubishana. Siku iliyofuata alimletea sahani ya sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na Maman Alphonsine. Tangazo lilitoka ukutani lenyewe, na baada ya muda tukagundua kwamba kila Jumatatu kulikuwa na kopo la chakula la pembeni lenye jina la Lucienne. Nilinuna wiki nzima. Mimi nilikuwa nimemfahamu Maman Alphonsine miaka mingi kabla ya huyo mkuu, na hakuna kopo lililowahi kuandikwa Imani.

Lakini kilichomfanya ajulikane kwenye kila mstari wa tramu hapa Brussels ni bendera. Siku za sherehe za ufalme, tramu zetu hutoka zimevaa bendera ndogo mbele, na kwa miaka yote hiyo aliyezivalisha ni Papa Séraphin. Alizifua nyumbani kwake, akazipiga pasi mwenyewe, na hakumruhusu mtu aguse sanduku lake. Kuna dereva mmoja aliyefutia mafuta ya chipsi kwenye bendera ya sikukuu ya taifa. Sitamtaja, maana yumo ukumbini leo, lakini hadi sasa akimwona Papa Séraphin huangalia vidole vyake.

Katika kantini yetu, mazungumzo ya mpira hayakuwahi kuyashinda ya wafalme. Amissi, dereva mwenzangu kutoka Buyenzi, Bujumbura, alikuwa akijigamba kwamba mwami wa Burundi hakutoka nje bila ngoma, na kwamba mfalme asiyepigiwa ngoma ni karani tu. Papa Séraphin naye aliwaleta wafalme wa Waluba, waliotawala kabla hata reli haijafikiriwa. Kisha wote wawili walinigeukia mimi na kuuliza Watanzania tuna nini. Niliwaambia tulikuwa na machifu, serikali ikawaondoa, na tangu hapo hatuna cha kuongea wakati wa chakula.

Kijana wetu Jamal, fundi aliyezaliwa hapa hapa Brussels, hakupenda utani huo. Siku moja alimuuliza Papa Séraphin waziwazi: mtu wa Kongo anawezaje kupiga pasi bendera za ukoo ambao babu yao, Mfalme Léopold, aliifanya Kongo kuwa shamba lake binafsi, watu wakafa kwa ajili ya mpira wa miti?

"Najua," alijibu Papa Séraphin. "Kwetu bantu balikufa, mutoto yangu, si weye utanifundisha ile. Léopold, miye sina kazi naye. Miye ninasema ule kijana. Ule wa mwaka 1955."

Habari ya mwaka 1955 sote tuliijua kwa moyo. Mfalme Baudouin, akiwa bado kijana, alizuru Kongo, na watu wakampa jina la Bwana Kitoko kwa uzuri wake. Kule Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, umati ulijipanga barabarani. Baba yake Séraphin, mfanyakazi wa reli, alimbeba mtoto wake wa miaka minne mabegani. Gari likapita, mfalme akageuza kichwa, akamwangalia Séraphin. Yeye mwenyewe alipofika hapo aliweka vidole viwili mbele ya macho yake, akavinyoosha kwetu, tuone jinsi macho yalivyokutana. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alimwita Baudouin.

Ni yeye pia aliyetufundisha mila ya mtoto wa saba. Hapa Ubelgiji, familia ikipata watoto saba wa kiume mfululizo, bila msichana katikati, mfalme anaweza kukubali kuwa parrain wa yule wa saba, yaani mlezi wake wa heshima, na mtoto huongezewa jina la mfalme. Wakiwa wasichana saba, mlezi ni malkia. Papa Séraphin aliisimulia habari hiyo mara nyingi mno, na tulidhani anaipenda kama anavyopenda habari nyingine zote za kifalme. Hatukujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameulizia.

Papa Séraphin ana watoto wanane, saba wa kiume. Lakini baada ya wavulana wanne alikuja Océane, ndipo wakafuata wale watatu wengine. Yule wa mwisho alipozaliwa, mwaka 1997, baba yake alivaa suti, akaenda kwenye ofisi za commune, yaani manispaa, kuuliza. Mama aliyekuwa dirishani alimpongeza, akauliza watoto walivyofuatana, na alipofika kwa mtoto wa tano akatikisa kichwa kwa upole. Papa Séraphin alimshukuru, akatoka, akapanda tramu kurudi nyumbani. Aliyejua habari hiyo alikuwa Maman Alphonsine peke yake.

Kisha ukafika mwaka 2008. Katika majira ya kuchipua, Rayhana, mke wa Amissi, alijifungua mtoto wa kiume. Walikuwa na wavulana sita tayari, na hakuna msichana hata mmoja. Amissi aliingia kantini akiwa hajalala, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya rafiki yake.

"Papa Séraphin, ile hadithi yako ya mfalme na wa saba, ni kweli?"

Nilikuwa nimekaa nao. Papa Séraphin aliweka uma chini.

"Ni kweli."

"Lakini sisi hatubatizi. Tuko Waislamu."

"Haiko ya kanisa. Iko ya commune. Enda tu, uulize."

Amissi alikwenda, akauliza, na baada ya miezi michache jibu kutoka kwenye kasri lilikuja: ndiyo. Mtoto aliitwa Sultani Albert, na karakana nzima ilicheka kwamba mfalme mmoja hakuwatosha kwenye cheti cha kuzaliwa, wakaweka wawili. Tulicheka sote isipokuwa mtu mmoja. Papa Séraphin alisema yuko na mlango unaomsubiri.

Wivu ulianza polepole. Kwanza aliacha kutaniana na Amissi juu ya ngoma. Kisha nikamsikia akimwambia Lucienne kwamba kuna watu hapa hawajui hata sikukuu ya mfalme inaangukia mwezi gani, lakini mfalme anawatembelea nyumbani. Mfalme hakuwa amemtembelea mtu. Sherehe ya mtoto ilifanyika Jumamosi katika ukumbi wa manispaa, na meya ndiye aliyemwakilisha. Amissi alivaa kanzu nyeupe na koti, Rayhana alivaa hariri ya kijani, na mtoto alilala kuanzia hotuba ya kwanza mpaka ya mwisho. Papa Séraphin hakwenda ukumbini. Alisema goti linauma. Lakini mchana, kwenye pilau nyumbani kwa Amissi, alikuja, kwa sababu Maman Alphonsine na Océane walikuwa huko tangu asubuhi wakimsaidia Rayhana jikoni, na mkewe alimwambia goti halizuii mtu kula.

Sebuleni tulijaa. Picha ya meya na mtoto ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Mjomba wa Rayhana, Mzee Abdallah, mtu mpole asiyejua lolote, alimgeukia Papa Séraphin na kumuuliza: "Na weye, mukubwa, nasikia uko na saba banaume vilevile. Wako alipewa mfalme gani?"

Papa Séraphin alicheka. Nilimjua vya kutosha kutambua kwamba hakikuwa kicheko.

"Saba, ndiyo. Lakini Océane akaingia katikati, akakata laini. Bila yeye, leo mufalme angekuwa wangu. Ule mutoto aliniharibia."

Wanaume walicheka pia, kama watu wanavyocheka wageni wakitania. Océane alikuwa amesimama mlangoni na sinia la sambusa. Alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa historia chuo kikuu. Aliliweka sinia juu ya kiti kilichokuwa karibu, kwa uangalifu, sambusa hata moja isianguke, akachukua koti lake, akatoka. Nyuma yake alikuwa amesimama mama yake, na yeye pia alikuwa amesikia.

Maman Alphonsine ndiye aliyenisimulia yaliyofuata nyumbani kwao. Papa Séraphin alisema ni mzaha, kila mtu aliona ni mzaha. Mkewe alimjibu: "Miye nilizaa banaume bane. Nilikuwa ninaomba Mungu anipe hata mmoja mwanamuke wa kuongea naye katika nyumba hii. Nilimulilia Mungu, weye ulikuwa unakoroma. Ukimukatala Océane, umenikatala miye." Na kwa muda mrefu baada ya hapo alimwekea chakula mezani bila neno.

Océane alihamia chumba cha mwanafunzi huko Ixelles. Jumapili, siku ambayo familia nzima hukutana kula, hakuja. Papa Séraphin alimnunulia simu mpya, akampa mmoja wa wanawe ampelekee. Simu ilirudi ikiwa kwenye boksi lake.

Mtu mwingine angejilaumu. Papa Séraphin alimlaumu Amissi. Moyoni mwake hesabu ilikuwa hivi: Amissi amechukua mfalme, na sasa amechukua na binti. Wenzetu walipobandika picha ya Sultani na meya kwenye ubao wa matangazo, asubuhi yake tuliikuta imefunikwa na ratiba ya zamu. Tukaisogeza. Ikafunikwa na tangazo la chanjo ya mafua. Kila mtu alijua ni nani, na Amissi alijua kuliko wote, lakini hakusema. Papa Séraphin aliomba kubadilishiwa saa ya chakula, na Lucienne alipomkatalia alianza kula akiwa ameipa mgongo meza yetu. Kwa karibu miaka miwili wanaume hao wawili, waliozoea kugombania wafalme kila mchana, walisalimiana kwa kichwa tu.

Mwaka 2010, Kongo ilipotimiza nusu karne ya uhuru, redio na magazeti ya hapa yalijaa habari za ukoloni na ufalme, na Océane akachagua mada ya tasnifu yake: ile ziara ya mwaka 1955, kama walivyoiona watu waliosimama barabarani. Hakutaka maneno ya magavana. Alitaka waliokuwa kwenye vumbi. Kwa hiyo alianza kuzunguka na kinasa sauti chake kwa wazee wa Katanga, mkoa wa Lubumbashi, wanaoishi Brussels, akiwasikiliza mmoja mmoja. Aliwaendea wote isipokuwa baba yake.

Papa Séraphin aliipata habari hiyo nje ya kanisa, kutoka kwa mzee mwenzake, Papa Banza. Banza alikuwa amesimama na mkewe Émérance, akiwa amejaa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Alisema Océane amekuja kwake zaidi ya mara moja, amerekodi sauti yake, amekunywa chai, amecheka, na Émérance amempa kitenge. "Una binti, Séraphin!" alimwambia. "Anajua kusikiliza muntu. Miye batoto yangu hawanisikilize hata dakika."

Jumatatu iliyofuata, Papa Séraphin hakuweza kula. Aliketi kwenye kantini akiongea peke yake, kisha akaongea nami, kisha na yeyote aliyekuwa karibu.

"Banza! Banza hata hakukuwa Élisabethville! Alikuwa Kamina! Ataona mufalme namna gani kutoka Kamina? Na anamupa chai! Binti yangu anakunywa chai kwa Banza!"

Jamal alicheka, nikamkanyaga mguu. Papa Séraphin hakusikia. Aliendelea kuwataja wazee wote waliotembelewa, na kwa kila mmoja alikuwa na kasoro: huyu ni kiziwi, yule ni mwongo, huyo wa tatu hajawahi kumaliza sentensi tangu azaliwe. Sauti yake ilikuwa imepanda na macho yalikuwa mekundu.

Kutoka meza ya pili Amissi aliinuka. Alikuja na trei yake, akaketi mbele ya Papa Séraphin, mahali pake pa zamani.

"Papa Séraphin, nikuulize kitu. Huu wivu uko nao, ni juu ya mfalme, ao ni juu ya mtoto?"

Papa Séraphin alisukuma kiti nyuma, na nilifikiri atasimama aondoke.

"Ya mutoto," alisema mwishowe.

"Donc enda kwake."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Weye angalau una binti wa kukufukuza. Mimi niko na saba, hakuna hata mmoja anayeniuliza nimekula. Siku ile Océane alisimama jikoni kwangu tangu alfajiri, akakunja sambusa pamoja na Rayhana, wakiimba. Nilimwambia mke wangu: huyu Séraphin hajui alichonacho. Nilikuwa nakuonea wivu mimi, karibu nikuchukie. Na ile picha yangu, acha kuifunika. Ni picha nzuri."

Jumamosi hiyo Papa Séraphin alikwenda Ixelles. Yaliyotokea huko nayaandika kama Océane alivyonieleza. Baba yake alibisha hodi akiwa amevaa suti. Alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwemo, na Océane akakaa kitandani. Mzee akasema: "Miye pia nilikuwa hapo, mwaka 1955. Unauliza bantu bote. Haujaniuliza miye."

"Yako ninaijua, papa. Mfalme alikuangalia. Nimeisikia tangu utoto."

"Washa ile mashini."

Akawasha. Papa Séraphin alikohoa, akaanza kusimulia ile habari tuliyoijua sote, umati, joto, mabega ya baba. Alipofika kwenye gari la mfalme aliacha kusimulia.

"Haiko vile," alisema. "Baba yangu alikuwa anasimulia vile, na miye nikamufuata. Lakini ninachokumbuka ni kingine. Kilatu yangu ilianguka. Nilikuwa na bilatu vipya, vya kwanza, na kimoja kikaanguka chini katikati ya miguu ya bantu. Nikalia. Baba akanitua, akainama kukitafuta. Bantu balikuwa banapiga kelele, banasukumana, na yeye anatambaa chini, anatafuta kilatu. Alipokipata, motokari zilikuwa zimepita. Mufalme hakuniona. Miye sikumuona. Hata baba hakumuona, na alikuwa amesubiri tangu asubuhi."

Océane alimuuliza kwa nini basi babu alisema vile maisha yake yote.

"Sijui. Labda alisikia haya kurudi nyumbani bila kitu. Lakini hakunipiga, Océane. Hakusema nilimuharibia mufalme wake. Alinivalisha kilatu, akanibeba, tukarudi." Akaongeza: "Yeye hakusema vile. Miye nilisema."

Kisha Océane akasema: "Hii nitaiandika. Lakini sijakusamehe."

"Andika kwanza."

"Uliniaibisha mbele ya watu, papa. Ukitaka msamaha, uuombe mbele ya watu wale wale."

Baba mwingine angeona amevunjiwa heshima. Papa Séraphin alirudi Schaerbeek, akaenda kwa Amissi, akamwomba aite tena wageni wote waliokuwepo siku ya pilau, gharama juu yake. Amissi aliwaita wote. Mzee Abdallah alisafiri kutoka Charleroi bila kuambiwa sababu, na alikuwa na wasiwasi kwamba kuna mtu amekufa.

Nilikuwepo. Papa Séraphin alisimama katikati ya sebule ile ile. Océane alikaa karibu na Rayhana, mikono imekunjwa, hakumsaidia kwa tabasamu wala kwa kichwa.

"Bantu ya Mungu," alianza, "nilisema neno mbaya katika nyumba hii. Nilisema binti yangu alikata laini. Nilisema aliniharibia. Ni uongo. Nilikuwa na wivu juu ya Amissi, wivu ikanipanda kichwa, nikaipiga mutoto ambaye hakunikosea kitu. Océane, unisamehe. Na weye Amissi, nilikula pilau yako nikikutukana ndani ya roho. Unisamehe vilevile. Banaume bane balikuwa mbele, tukaomba Mungu mutoto mwanamuke, akatupa. Miye nilisahau kama niliomba."

"Si weye uliomba!" Maman Alphonsine alipaza sauti kutoka jikoni. "Weye ulikuwa unakoroma!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko, na safari hii alicheka hata Océane, ingawa alikuwa anafuta macho. Sultani Albert, aliyekuwa na miaka miwili na aliyezoea kwamba katika nyumba hiyo sherehe zote ni zake, alitazama huku na huku, akaona hakuna anayemwangalia, akajitupa sakafuni na kupiga mayowe. Ikabidi Océane ambebe ili mkutano uendelee. Mzee Abdallah aliniuliza kwa siri kama kuna mtu aliyekufa au la.

Msamaha haukuja siku hiyo yote kwa pamoja. Océane alichukua miezi. Lakini Jumapili moja alifungua mlango wa nyumbani bila kupiga simu, akakaa, akasema ana njaa. Tasnifu yake ilipata alama ya juu, na sehemu aliyoitetea kwa nguvu kuliko zote mbele ya walimu ilikuwa ile ya mashahidi ambao hawakuona chochote.

Papa Séraphin tuliyefanya naye kazi baada ya hapo alikuwa yule yule, na pia hakuwa. Bendera aliendelea kuzifua. Lakini Julai 2013, mfalme mzee alipomwachia mwanawe kiti na Brussels yote ikajaa rangi tatu, Jamal na Océane, aliyekuja kumwona baba yake, walibishana kantini mpaka chai ikapoa: Jamal akitaka ufalme ufutwe kesho, Océane akisema kwanza mafaili yote yafunguliwe, watu wasome, ndipo waamue. Wote wawili walimgeukia Papa Séraphin. "Miye," alisema, "niko fundi ya milango," akaomba sukari. Mwaka huo huo alimfundisha Jamal kupiga pasi bendera, na mafundi wengine watatu waliokuwa wakiitaka kazi hiyo kwa miaka hawakumsalimia Jamal mpaka Krismasi.

Tunamshukuru Papa Séraphin kwa milango iliyofunguka asubuhi za barafu, kwa vijana aliowafunza bila kuwapigia kelele, kwa sombe ya Maman Alphonsine, na kwa kukubali habari hii isomwe ukumbini mbele ya watu wanaomfahamu. Lucienne ameniomba niongeze kwamba hajapata mtu wa kuchukua nafasi yake, na pia kwamba anatumaini kopo la Jumatatu halistaafu.

Mwezi Januari anasafiri kwenda Lubumbashi, mara ya kwanza tangu alipoondoka. Océane, ambaye sasa ni mwalimu wa historia, amechukua likizo kumsindikiza. Papa Séraphin aliwaambia wanawe kwamba tiketi ni mbili, na kwamba hataki watu wengi, anataka kutembea polepole na kuongea. Wale saba wamenuna. Wanapigiana simu usiku na mchana wakiulizana kwa nini yeye, na yule mdogo amesema wazi kwamba Océane amependelewa tangu azaliwe. Juzi Baudouin, mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wake, alinipigia akiwa Liège kuniomba niandike humu kwamba yeye ndiye wa kwanza. Haya, Baudouin, nimeandika.

Papa Séraphin, karakana yako inakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na siku nyingi zisizo na kengele ya zamu. Safari njema, ninyi wawili tu.

Imani, kwa niaba ya madereva na mafundi wa karakana ya Schaerbeek